Macho ya Nesi

Nilipaswa kukataa. Nesi alikuja mashineni kwangu asubuhi, wakati wa kupanda pamba, kabla sijawasha mota. Aliweka ungo wake juu ya gunia, akaniambia kwamba macho yake hayatofautishi tena karanga nzima na karanga iliyooza. Daktari alikuwa amemweleza kuwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Hakuja kulalamika. Alikuja kuniomba niwe namchambulia karanga za unga wa watoto, gunia kwa gunia, na nisiruhusu gunia lolote kusagwa kabla sijalikagua mpaka chini.

"Wewe ndiye utakuwa macho yangu, Baba Masanja," alisema. "Kama huwezi, sema leo. Sitakasirika."

Nikasema naweza. Sikufikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Ningesema hapana siku ile, angefunga kazi yake ya unga, akina mama wa Bariadi wangenung'unika mwezi mmoja halafu wangetafuta unga mwingine, na mtoto mmoja ambaye wakati ule alikuwa bado tumboni mwa mama yake angekuwa leo anakwenda shule. Nayaandika haya kwa sababu hapa mjini bado wapo wanaomsimulia Nesi vibaya, na ninayejua ukweli ni mimi.

Tulimwita Nesi hata baada ya kustaafu zahanati. Nadhani wengi hawakujua jina lake lingine. Alikozaliwa na watu wake sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kama mume wa mwanamke aliyepeleka mtoto kliniki, halafu kama mwenye mashine aliyemsagia unga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili, na alitembea ameinama kidogo mbele kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi.

Kule zahanati hakuwauliza akina mama wanawalisha nini watoto. Alisema swali hilo watu hulijibu kwa yale waliyofundishwa. Yeye aliuliza, "Jana asubuhi alikula nini?" Halafu, "Na juzi?" Mama akifikishwa juzi, alisema, uongo unachoka. Hivyo ndivyo alivyowajua wanaowapa watoto uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na wanaowapa chai na kipande cha andazi wakasema mtoto ameshiba.

Alikuwa na kijiko cha bati alichokifunga kwa uzi kwenye mkoba wake. Mama akija na uji kwenye kikombe, Nesi alichota, akakiinamisha kijiko. Uji ukimwagika wote mara moja, alisema, "Huyu amekunywa, hajala." Ukibaki unang'ang'ania kijiko, alimrudishia mama kikombe bila neno, na akina mama walijua kwamba kunyamaza huko ndiko kusifiwa.

Siku moja mfugaji mmoja wa Lalago, mwenye ng'ombe wengi, alileta mtoto aliyebaki mifupa. Mke wake alikuwa mgonjwa, ndiyo maana alikuja mwenyewe, na hakupenda kukaa kwenye benchi na wanawake. Akamwambia Nesi kwa kejeli kwamba hata ndama wake wana nyama kuliko watoto wa zahanati hii. Nesi akaandika kwenye kadi, bila kuinua uso, akasema, "Ndama ulimchagulia malisho mwenyewe. Mtoto ulimwachia nani?" Benchi zima lilicheka. Yule mtu alitoka na mtoto wake amenuna, lakini wiki iliyofuata alirudi na kibuyu cha maziwa, akauliza kwa sauti ndogo maziwa yachanganywe na uji kabla ya kuiva au baada.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Mtoto wa miezi sita hali. Analishwa." Tuliusikia mara nyingi hadi tukawa tunamwigiza. Mimi niliudhani ni maneno ya kliniki tu, kama yale ya kuchemsha maji. Baadaye nilielewa. Mtu mzima akikuta karanga chungu mdomoni, anatema. Mtoto wa miezi sita anafungua kinywa kwa yeyote aliyeshika kijiko.

Unga wa lishe wa mitaani ulimuudhi. Watu walichanganya mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, muhogo, mbegu za maboga na dagaa, vyote kwenye mfuko mmoja, wakausifu kwa wingi wa vitu. "Hiyo ni harusi," alisema. "Mtoto hajaalikwa harusini." Alieleza kwamba ukichanganya vitu kumi hujui ni kipi kimemdhuru, na kimoja kikiwa kibovu kimeharibu tisa. Yeye alitaka vitu vitatu tu: mahindi, mtama na karanga, kila kimoja kikaguliwe peke yake. Dagaa na maziwa mama atie mwenyewe jikoni.

Na makopo ya dukani, yale yenye picha ya mtoto mnene anayecheka, aliyasoma kwa nyuma. Alimfundisha hata mke wangu kwamba kinachoandikwa kwanza kwenye orodha ndicho kilichojaa humo. "Angalia," alisema, "sukari imeshika nafasi ya pili. Humlishi mtoto hapo, unamfundisha kupenda pipi." Lakini yeye mwenyewe aliweka sukari vijiko vinne kwenye chai. Nilipomtania alisema yeye ameshakua, hakuna anayempima.

Mambo yake ya namna hiyo yalikuwa mengi. Alikuwa mtu wa dawa na kadi, aliwacheka waganga hadharani, lakini hakuwahi kutaja uzito wa mtoto kwa sauti. Aliandika, akamwonyesha mama kwa kidole. Wauguzi vijana walimwambia hiyo ni imani ya kizamani. Alikubali kwamba ni imani ya kizamani, na akaendelea kuonyesha kwa kidole. Alikuwa mkali hadi watu wakamwogopa, na siku nyingine unamkuta amekaa chini sakafuni anamkuna mgongo mtoto wa mtu asiyemjua, huku foleni inamsubiri.

Ukali wake niliuona vizuri zaidi alipostaafu na kuanza unga wake. Hakutaka kuanza. Akina mama walimfuata nyumbani mpaka akachoka kukataa. Mjane mmoja alimletea debe la karanga, akitegemea azinunue. Nesi akazimwaga kwenye ungo, akaziinamia, akanusa, akachukua moja akaivunja. Ndani ilikuwa na unga wa kijani, kidogo sana, kama vumbi. Akasema hatazichukua, na tena mama yule asizile. Yule mjane akasema basi atawapa kuku.

"Kuku anataga," Nesi alisema. "Hilo yai analila nani?"

Akachimba shimo nyuma ya choo akazifukia zote, mjane akiwa anatazama na machozi yanamtoka. Kisha akaingia ndani akamjazia debe lile lile karanga zake mwenyewe. Ule unga wa kijani ni ukungu, na sumu yake wataalamu wanaiita sumukuvu. Nesi alinieleza siku hiyo hiyo kwamba haina harufu kila wakati, haina rangi kila wakati, na kuikaanga hakuiondoi. Alisema ni adui anayekaa kimya kwenye ini. Nilimsikiliza vizuri. Siwezi kusema sikuambiwa.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mkulima wa huku analijua. Ganda la karanga kavu ni gumu. Mwanamke akibangua gunia moja kwa mkono, vidole vinachubuka na kucha zinauma. Kwa hiyo jioni watu huzinyunyizia maji, wakazifunika kwa gunia, na asubuhi maganda yamelainika, yanafunguka yenyewe. Mama yangu alifanya hivyo. Mke wangu alifanya hivyo. Nesi alikataza. Karanga za unga wake zibanguliwe kavu, hata kama ni kwa siku tatu, na alipokuwa anaona vizuri alikuwa anakuja kushika maganda kwa mkono ajue kama yamepata maji.

Mwaka ule, baada ya mimi kukubali kuwa macho yake, mvua zilichelewa kuondoka. Karanga ziling'olewa udongo ukiwa na matope, zikakauka nusu nusu. Halafu pamba ikafunguka yote kwa pamoja, na msimu wa pamba haumsubiri mtu. Wanawake wanne waliokuwa wananibangulia walitaka kuwahi mashamba yao. Mkubwa wao, Mama Limi, aliniwekea vidole vyake mbele ya uso wangu.

"Mzee, tazama. Kwa mikono hii nitachuma pamba ya nani?"

Nikawaambia wanyunyizie, kidogo tu, na Nesi asiambiwe. Nilijiambia nimekula karanga za namna hiyo tangu utoto, na mimi hapa mzima. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa na shida ya fedha. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimeanza kupenda sifa. Watu walikuwa wanasema mashineni kwangu, "Kama Baba Masanja ameukagua, ni kama Nesi." Nililipenda neno hilo kuliko kazi yenyewe.

Karanga zile zilianikwa juani siku moja, mawingu yakija na kuondoka, zikaingia kwenye magunia matatu. Zilikaa humo zaidi ya mwezi. Siku ya kuchambua nilifungua kila gunia, nikachambua juu, kina cha kiganja na zaidi kidogo. Za juu zilikuwa nzuri. Nesi alikuwepo. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso wake ameuelekeza kwenye mwanga. Nilipofungua gunia la tatu, aligeuza kichwa.

"Limekaaje hilo?" aliuliza.

"Safi."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, Nesi."

Aliweka mikono yake mikubwa juu ya magoti. Kisha akasema, "Haya. Kaanga."

Mkwe wangu, mke wa mwanangu Masanja, alikuwa amejifungua wakati wa mvua mtoto wa kike, wakamwita Kabula. Alikuwa mjukuu wangu wa kwanza. Mkwe wangu amesoma kuliko mimi; mimi niliishia kidato cha nne, yeye ana cheti cha chuo na anafanya kazi ofisini. Kabula alipokaribia miezi sita, alirudi kutoka dukani na makopo mawili, akayapanga mezani, akawa anasoma nyuma ya kila moja, kama Nesi alivyowafundisha wanawake wa mji huu. Kwa desturi zetu mkwe hasimami kubishana na baba mkwe, na mimi sikuzoea kuingia mambo ya jikoni. Lakini siku hiyo niliingia.

Alipiga goti akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, baba." Nikaitikia, nikamuuliza kuna nini. Akasema anamchagulia Kabula cha asubuhi. Kopo moja lina sukari nyingi. La pili anaona linafaa, limetengenezwa kiwandani na kupimwa, ila ni ghali na hajui kama litapatikana kila mwezi. Unga wa Nesi pia anaufikiria, ila amesikia kwamba mama yule haoni tena.

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Nikamwambia arudishe makopo. Nikasema, "Unga wa Nesi naukagua mimi. Karanga zake nimezichagua kwa macho yangu haya. Unataka kumwamini nani, kiwanda usichokijua au babu yake?"

Masanja alikuwa mlangoni, akacheka, akasema, "Mama Kabula, ukibishana na mzee huyu tutasagiwa unga kwa foleni." Naye akacheka, akarudisha makopo kwenye mfuko. Kesho yake nilimpelekea pakiti mbili mwenyewe.

Mtoto alianza uji. Aliupenda. Mama yake alikuwa anakoroga mzito, unaong'ang'ania kijiko, na anautia maziwa. Nilikuwa napita asubuhi kabla ya kwenda mashineni, namkuta amekalishwa kwenye beseni na nguo pembeni ili asianguke, mdomo umepakaa uji, anapiga ukingo kwa mkono akidai zaidi. Alikuwa akiniona anafungua kinywa, akidhani kila anayekuja ameshika kijiko. Pakiti zilipokwisha nilileta nyingine.

Wiki ya nne au ya tano alianza kukataa. Anageuza uso. Mama yake alifikiri ni meno. Kisha akatapika, akapata joto, tumbo likajaa na kukaza. Siku moja nilimkuta amelala, akafumbua macho, na sehemu nyeupe ya macho ilikuwa na rangi ya manjano. Tulimpeleka hospitali siku ile ile.

Daktari aliuliza kama kuna mganga aliyempa dawa za mizizi. Mama yake akasema hapana, akaapa. Daktari akasema ini lina shida, wanatafuta sababu. Akauliza mtoto anakula nini. Mkwe wangu akamweleza: maziwa ya mama, uji, maji ya kuchemsha. Uji wa unga gani? Wa Nesi. Daktari akaitikia kwa kichwa na akaendelea na swali jingine, kwa sababu hata yeye alimjua Nesi.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Neno ini lilikuwa limenirudisha nyuma ya choo cha Nesi, kwenye lile shimo. Sikuwa na hakika. Nataka kuwa mkweli: sikuwa na hakika, lakini nilishuku, na kushuku kulitosha kufungua mdomo. Jioni mke wangu alileta chupa ya uji kutoka nyumbani. Mama Kabula akamimina kwenye kikombe, akapuliza, akamlaza mtoto mapajani na kumlisha taratibu, kijiko kidogo kidogo, akimbembeleza ameze. Nilitazama. Asubuhi ilikuja chupa nyingine, nikatazama tena. Siku ya tatu ndipo nilipomwambia ampumzishe uji, ampe ziwa peke yake. Akauliza kwa nini. Nikasema tumbo lipumzike.

Kabula alikufa siku ya sita, saa nne asubuhi. Daktari alimwambia Masanja kwamba ini lilikuwa limeharibika na kwamba inawezekana ni sumu kutoka kwenye chakula. Masanja aliniuliza tukiwa njiani na mwili, "Baba, zile karanga zilikuwa sawa?" Nikamjibu zilikuwa sawa.

Nesi alikuja msibani akiongozwa na mkono wa jirani. Alikaa na wanawake. Hakuzungumza nami. Siku iliyofuata mazishi alikwenda zahanati, siku ya kliniki, akaomba nafasi ya kusema. Mke wangu alikuwepo. Alisema Nesi aliwaagiza wote wenye pakiti zake wazirudishe, hata zilizofunguliwa, na wasizipe mifugo. Mama mmoja akauliza kosa limetoka wapi. Akajibu, "Unga ni wangu. Kosa ni langu." Wakasubiri aendelee. Hakuendelea. Watoto wengine wawili walikuwa wameumwa tumbo. Walipona baada ya kuacha uji ule. Pakiti alizifukia kwenye shimo ambalo wapwa wake kutoka Malampaka walichimba kutwa nzima.

Mimi nilikuwa nikisubiri ataje jina langu. Kila aliyeingia mashineni nilidhani amekuja na habari hiyo. Hakulitaja, na mimi nikatumia nafasi hiyo kunyamaza.

Lakini mji haukunyamaza. Dawa za macho na ule ugonjwa vilikuwa vimeyageuza macho ya Nesi kuwa mekundu, na huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu anajua la kuogopa. Maneno yalianza sokoni. Mwanamke asiye na mtoto wake, anawalisha watoto wa wenzake. Kwa nini hakuwa anataja uzito wao? Alikuwa anauweka wapi? Yale yote tuliyompendea yakageuzwa, moja baada ya jingine, yakawa ushahidi. Walioyasema walikuwa watu aliowapima kwenye mizani wakiwa hawajaota meno.

Asubuhi moja alikuja kwangu peke yake, akipapasa ukuta. Nilishangaa amefikaje. Alitoa kwenye mkoba ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. Aliukuta umechomekwa mlangoni.

"Nisomee," alisema.

Nikasoma. Uliandikwa: Mchawi wa watoto. Jumapili isikukute hapa.

"Mwandiko ukoje?"

"Mzuri. Wa mtu aliyesoma."

"Basi nimempima huyo," alisema, na nadhani alitabasamu.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nikubali kazi ile ambapo macho yangu yalimwambia kilichokuwepo. Nilikuwa na kila sababu ya kuendelea. Ningeweza kumwambia nakwenda sasa hivi sokoni kusema kosa ni la nani. Nilimwita, "Nesi." Akainua uso kusubiri, kama alivyokaa siku ile ya magunia. Nikamuuliza kama ana mtu wa kumbebea mizigo.

Alisema anaye. Ijumaa alihamia Malampaka kwa binti wa dada yake, na watu wa Bariadi wakasema, mnaona, amekimbia.

Ilipita miaka minne kabla sijapanda gari kwenda kumtafuta. Mke wangu alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa imenyamaza kiasi kwamba nilijisikia mwenyewe. Nilimkuta kwenye nyumba ndogo si mbali na kituo cha treni, amekaa kivulini mwa ukuta, haoni kabisa, anabangua karanga. Karanga kavu. Vidole vyake vilikuwa na sugu nyeusi. Nilipomsalimu kama mama yangu, "Mwangaluka, mayu," aliitikia kama anavyomwitikia mtu yeyote, kisha mikono ikasimama.

"Baba Masanja. Umekonda, sauti imekonda."

Binti aliniletea kiti na chai. Nikazungumza nikiwa bado nimeshika kikombe, nikihofia nikikiweka chini nitageuza maneno. Nilimwambia maji ya Mama Limi, siku moja ya jua, kina cha kiganja. Nilimwambia habari ya chupa ya uji hospitalini. Nilisema kila kitu, na treni ya mizigo ilipita katikati, ikabidi ningoje ipite ndipo nimalizie.

"Nilijua," alisema.

Nikauliza tangu lini.

"Tangu gunia la tatu. Nilinusa. Harufu ndogo tu, kama ya nyumba iliyofungwa." Alichukua karanga akaivunja, akaipapasa ndani kwa kidole gumba. "Nikajiambia, mtu ana macho mawili mazima na anasema mpaka chini. Mimi mzee kipofu na pua yangu nitamwitaje mwongo mbele ya wanawake? Nikasema kaanga. Kwa hiyo niliposema kosa ni langu, sikuwa nakufichia. Usijipe ukubwa huo."

Alibangua karanga nyingine tatu au nne.

"Masanja umemwambia?"

"Bado."

"Basi hujafika kwangu," alisema. "Umepita tu. Maliza chai uondoke."

Hakunifukuza kwa hasira. Alimwita binti anisindikize mpaka barabarani, na akaniambia nisimlipe anayebeba abiria kwa pikipiki kabla ya kufika. Sikumwona tena. Alifariki huko huko kabla ya mvua, na nilisikia baada ya kuzikwa.

Kutoka Malampaka sikwenda nyumbani. Nilishuka Bariadi nikaenda moja kwa moja kwa Masanja. Alikuwa anatengeneza mlango wa banda la kuku, na mke wake alikuwa ndani, mjamzito. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliendelea kupiga misumari mpaka nilipofika kwenye maji, ndipo akaweka nyundo chini.

"Na hospitalini ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Chupa ya uji ulikuwa unaiona."

"Nilikuwa naiona."

Aliingia ndani. Nilisikia sauti yake ikiwa chini kwa muda, kisha nikasikia kiti kikianguka. Mama Kabula hakulia kwa sauti, na hakutoka. Masanja alirudi mlangoni, akaniambia kwa utaratibu, bila kunivunjia heshima hata kidogo, kwamba nisije tena hapo.

Miezi miwili baadaye walihamia Mwanza. Walipata mtoto wa kiume. Jina lake niliambiwa na muuza duka. Simu zangu hazipokelewi. Nilikwenda sokoni nikasimama mbele ya wale waliokuwa wakimsema Nesi nikawaambia kosa ni la nani, na wengine walinisikiliza, wengine walisema uzee umenipata. Mashine niliiuza.

Nilikubali kuwa macho ya mtu nikijua sina subira ya kutazama. Kukubali huko kulimuua Kabula, mjukuu wangu, akiwa na miezi saba. Kulimfukuza Nesi kwenye mji alioulea. Na kulinipotezea Masanja, mwanangu pekee, ambaye yu hai na mzima.